Usalama na Afya Kazini Vijijini: Sheria Ipo, Kazi Iliyobaki ni Kumfikia Kibarua wa Shambani

Yanapotajwa maneno "mahali pa kazi", wengi hupata picha ya kiwanda chenye geti, ofisi yenye viti na meza, au jengo la ghorofa linaloendelea kujengwa mjini. Ni wachache wanaofikiria shamba la tumbaku la Urambo, bonde la mpunga la Mbarali, mashine ya kupukuchua mahindi iliyoegeshwa kando ya njia ya vumbi, au duara la dhahabu linalochimbwa kwa moko na nyundo. Ilhali huko vijijini ndiko zaidi ya nusu ya nguvu kazi ya Tanzania inakotafutia riziki. Kwa mujibu wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), kilimo ni miongoni mwa sekta tatu zenye hatari kubwa zaidi kwa maisha ya wafanyakazi, nyingine zikiwa ni ujenzi na uchimbaji wa madini. Shirika hilo limekadiria kuwa wafanyakazi wa kilimo wasiopungua 170,000 hupoteza maisha kazini kila mwaka duniani kote.

Kwa upande wa Tanzania Bara, usalama kazini ulisimamiwa kwa zaidi ya nusu karne na Sheria ya Viwanda, Sura ya 297, iliyotungwa na utawala wa kikoloni mwaka 1950. Kama jina lake linavyoonesha, sheria hiyo ililenga kiwanda. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, ulinzi wake ulikuwa kwa mtu aliyesimama mbele ya korona, mashine inayotenganisha nyuzi na nyama ya jani. Mkataji wa mkonge, aliyeamka alfajiri kuingia katikati ya miiba, hakuwa katika hesabu zake. Hali hiyo ilibadilika kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, iliyofuta ile ya zamani na kupanua wigo hadi kwenye kilimo, na ambayo husimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), ulioanzishwa mwaka 2001. Zanzibar ina sheria yake, Na. 8 ya mwaka 2005.

Sheria ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kusajili eneo lake la kazi, kutambua vihatarishi vilivyomo, kuwapima afya wafanyakazi wanaofanya kazi hatarishi, kuwapatia vifaa kinga, maji safi ya kunywa, vyoo, mahali pa kunawia na huduma ya kwanza, na kutoa taarifa ajali inapotokea. Wajibu huo haupungui kwa sababu eneo la kazi halina paa.

Ugumu unaanzia kwenye neno "mwajiri". Sheria za kazi, hapa nchini na kwingineko, zimejengwa juu ya msingi kwamba yupo mtu mmoja anayetoa kazi na mwingine anayeipokea kwa ujira. Vijijini uhusiano huo huwa na sura nyingi. Yupo kibarua anayechukuliwa asubuhi kijiweni na kulipwa jioni kwa ngwe aliyolima, bila jina lake kuandikwa popote. Malipo ya namna hiyo yana athari yake kwa usalama: anayelipwa kwa ngwe hupoteza fedha kila anapopumzika, kunywa maji au kurudi ghalani kuchukua glavu. Yupo mkulima anayelima shamba lake akisaidiwa na mke na watoto, ambaye ni mwajiri na mfanyakazi kwa wakati mmoja. Hata Mkataba wa ILO Na. 184 wa mwaka 2001 unaohusu usalama na afya katika kilimo umekiacha nje kilimo cha kujikimu. Ni Pendekezo Na. 192, lililopitishwa sambamba nao, linalozishauri serikali kupanua ulinzi hatua kwa hatua hadi kwa wakulima waliojiajiri.

Kwa hiyo ukaguzi pekee hautoshi. Hakuna idadi ya wakaguzi itakayotosha kufika katika kila shamba la ekari mbili. Kinachoweza kufika ni maarifa sahihi, yakipitia njia ambazo tayari zinafika kijijini, na eneo linaloyahitaji kwa haraka zaidi ni viuatilifu.

Sumu inayopita kwenye ngozi

Tangu kiwavijeshi vamizi alipothibitika kuingia nchini mwaka 2017, wakulima wengi wa mahindi ambao zamani walimaliza msimu bila kubeba bomba la kupulizia wamejikuta wakilibeba mara kadhaa kwa mwaka. Wa pamba, tumbaku, korosho, kahawa, nyanya na vitunguu walikwisha kulizoea. Mazoea hayo yamezaa makosa ambayo hurithiwa kutoka kwa mkulima mmoja kwenda kwa jirani yake.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba sumu huingia kwa pua na mdomo tu. Wapo wanaojifunga kitambaa usoni, kisha wakapulizia wakiwa miguu peku na kifua wazi. Kwa mpuliziaji wa shambani, njia kuu ya sumu kuingia mwilini ni ngozi, na ngozi ya uso, kinena na kwapa hupitisha kwa wepesi kuliko ya kiganja. Bomba linalovuja kidogo kwenye mfuniko hulowesha mgongo na makalio kwa saa nzima, na mvaaji hudhani ni jasho. Kitambaa kilicholowa dawa ni hatari kuliko kutokuwa na kitambaa, kwa kuwa huishikilia sumu ikagusa ngozi muda wote.

Wakati wa hatari kubwa zaidi si ule wa kupulizia bali wa kuchanganya, kwa sababu hapo dawa bado haijazimuliwa. Tone moja lililoruka kutoka kwenye chupa lina sumu nyingi zaidi kuliko tone la mchanganyiko uliokwisha kutiwa maji. Kama uwezo wa familia ni wa kununua jozi moja tu ya glavu za mpira na miwani moja, basi mahali pa kuanzia kuvitumia ni penye ndoo ya kuchanganyia. Mkono haukorogi dawa. Hukorogwa kwa mti uliotengwa kwa kazi hiyo tu, usiorudi jikoni.

Lebo ya chupa hubeba taarifa ambazo hata asiyejua kusoma anaweza kufundishwa kuzitambua. Ukanda wa rangi chini ya lebo huonesha ukali wa sumu: mwekundu ni kwa zile kali zaidi, ukifuatiwa na wa njano, kisha wa bluu, na wa kijani ni kwa zile zenye hatari ndogo. Ndiyo sababu kupunguziwa dawa dukani kwenye chupa ya soda au mfuko wa plastiki, jambo ambalo mnunuzi huliona kuwa nafuu, ni hasara kubwa. Anayefanya hivyo hubaki na kimiminika kisicho na jina, kipimo, tarehe ya mwisho wala rangi, na mtoto mwenye kiu hana namna ya kukitofautisha na soda. Usajili wa viuatilifu nchini uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea Na. 4 ya mwaka 2020, na chupa isiyo na lebo haiwezi kuthibitishwa kuwa imesajiliwa.

Maofisa huwahimiza wakulima kuvaa ovaroli, gambuti, glavu, miwani na barakoa. Wanachosahau baadhi yao ni kwamba mavazi hayo, yakivaliwa saa saba mchana katika joto la Shinyanga au Simiyu, yanaweza kumwangusha mtu kabla dawa haijamdhuru. Mkulima anayeyavua si mkaidi. Suluhisho lipo kwenye saa: kupulizia alfajiri au jioni jua likiwa limepoa, ambapo pia upepo huwa mdogo. Mpuliziaji huanzia upande ambao upepo unaelekea na kurudi nyuma akiukabili pembeni, ili ukungu wa dawa uende mbali naye na asipite kwenye majani aliyokwisha kuyalowesha. Shati la mikono mirefu la pamba, suruali iliyoshushwa nje ya gambuti na kipande cha plastiki nzito kilichofungwa mgongoni chini ya bomba ni kinga ambayo familia nyingi zinaweza kuimudu. Suruali ikichomekwa ndani ya gambuti, kinachotiririka huishia kwenye nyayo.

Kuna desturi nyingine ndogo lakini ya hatari, nayo ni kuzibua pua ya bomba kwa kuipuliza kwa mdomo. Unyasi laini au mswaki wa zamani hufanya kazi hiyo bila madhara. Nguo za kazini hufuliwa peke yake, mbali na za watoto, na anayefua, ambaye mara nyingi ni mke au binti wa mpuliziaji, naye anahitaji glavu. Chupa iliyokwisha husuuzwa mara tatu, maji ya kusuuzia hurudishwa kwenye bomba na kupuliziwa shambani, kisha chupa hutobolewa ili isitumike tena. Dumu lililowahi kubeba kiuatilifu halifai kuchotea maji, kuwekea maziwa wala kupimia pombe hata likioshwa kwa wiki nzima.

Shamba lililopuliziwa pia lina muda wake wa kusubiri, ulioandikwa kwenye lebo, kabla ya mtu kuruhusiwa kuingia bila kinga. Wanaoumia hapa ni vibarua wa palizi na uvunaji, wengi wao wanawake, wanaoletwa siku inayofuata bila kuambiwa lolote. Kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye mti mwanzoni mwa shamba kinatosha kutoa habari hiyo, ilimradi kijiji kizima kimekubaliana juu ya maana yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumpa mjamzito au mama anayenyonyesha kazi yenye hatari kwa afya yake au ya mtoto, na inakataza kuajiri mtu wa chini ya miaka 18 katika kazi hatarishi, ikitaja kilimo kwa jina. Kuchanganya na kupulizia sumu hakuwezi kuhesabiwa kuwa kazi nyepesi ya nyumbani.

Juu ya hayo yote kuna hatua inayotangulia vifaa vyote, nayo ni kuuliza kama dawa inahitajika. Wataalamu wa udhibiti husishi wa visumbufu humfundisha mkulima kukagua shamba, kuhesabu wadudu na kupulizia pale tu idadi yao inapotishia mavuno, badala ya kupulizia kwa kalenda au kwa kuwa jirani amepulizia. Dawa ambayo haikununuliwa haihitaji glavu.

Swali linalokosekana zahanati

Dawa za jamii ya ogano-fosifeti na kabameti, zinazotumika sana kuua wadudu, huzuia kimeng'enya kinachotuliza mishipa ya fahamu. Aliyedhurika hutoka jasho jingi na mate, hutapika, huharisha, hupata kizunguzungu, kuumwa kichwa na kutetemeka kwa misuli, mboni za macho yake husinyaa, na katika hali mbaya hushindwa kupumua. Sumu hii ina tiba, atropini, ikitolewa mapema na mtaalamu.

Lakini kichwa, kutapika na uchovu ni malalamiko ambayo katika zahanati nyingi humwelekeza mhudumu kwenye malaria au ugonjwa wa tumbo. Mgonjwa asipoulizwa kazi yake, naye asiposema kwamba jana alishinda akipulizia nyanya, ataondoka na dawa isiyo yake, na kitabu cha MTUHA kitaandikwa homa au maumivu ya tumbo. Takwimu za wilaya zitakazotokana na kitabu hicho zitaonesha kwamba sumu za shambani si tatizo, na bajeti itafuata takwimu. Daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini, katika kitabu chake kuhusu magonjwa ya wafanyakazi kilichotoka mwaka 1700, aliwashauri madaktari wenzake waongeze swali moja kwenye yale waliyozoea kumuuliza mgonjwa: unafanya kazi gani? Zaidi ya miaka 300 baadaye, swali hilo bado halihitaji mtambo wala bajeti, na katika zahanati ya kijiji lingeweza kuulizwa kesho asubuhi.

Kwa familia, hatua za mwanzo ni kumtoa mgonjwa kwenye dawa, kumvua nguo zilizolowa, kumwosha kwa maji mengi na sabuni na kumkimbiza kituo cha afya pamoja na chupa au lebo yake. Kumtapisha kwa nguvu kunaweza kumdhuru zaidi. Imani iliyoenea kwamba maziwa huua sumu haina msingi wa kitabibu, na saa inayopotea yakitafutwa ndiyo ambayo mgonjwa aliihitaji. Baadhi ya sumu, kama parakwati inayotumika kuua magugu, hazina kabisa dawa ya kuzibatilisha, na huharibu mapafu taratibu hata mgonjwa akionekana kupata nafuu siku ya kwanza.

Katika mikoa ya tumbaku kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huu bila bomba lolote kuhusika. Nikotini iliyomo katika jani bichi hupenya ngozi, hasa jani likiwa na umande au mvua, na mvunaji aliyekumbatia mzigo wa majani asubuhi huishia mchana akitapika na kuona kizunguzungu. Kusubiri umande ukauke na kuvaa shati la mikono mirefu lisilolowa hupunguza sana hatari hiyo. Watoto huathirika kwa wepesi zaidi kwa kuwa miili yao ni midogo, sababu ya kutosha kuwaweka mbali na uvunaji pamoja na kazi ya mabani.

Mashine, joto na shimo

Mitambo ya kilimo imepunguza suluba, nayo imekuja na majeraha yake. Kwenye mashine za kukoboa, kusaga na kupukuchua, hatari kubwa ni mkanda na ekseli vinavyozunguka wazi. Ncha ya kanga au kitenge ikinaswa, mvaaji huvutwa kabla hajapiga kelele. Ubao wa tangazo ukutani unaoonya watu wawe waangalifu haujawahi kuusimamisha mkanda. Kinachosaidia ni kizuizi cha wavu wa chuma, ambacho fundi wa kuchomelea wa pale pale kijijini anaweza kukitengeneza kwa siku moja, na swichi ya kuzimia mashine iliyo karibu na mkono wa mwendeshaji.

Nguvu ya kubadilisha chombo badala ya kumhubiria mtumiaji ilionekana wazi nchini Uswidi, ambako kuanzia mwaka 1959 matrekta mapya yalilazimishwa kuwa na fremu imara ya kumkinga dereva trekta linapopinduka. Kadiri matrekta ya zamani yalivyotoweka, vifo vya kupinduka vilipungua kwa kiwango kikubwa, ingawa madereva walikuwa wale wale na vilima vile vile. Mnunuzi wa trekta lililotumika, awe mtu binafsi au chama cha ushirika, hana budi kuangalia fremu hiyo na mkanda wa kiti kama anavyoangalia injini. Kubeba watu juu ya madigadi ya trekta ni desturi ambayo fremu haiwezi kuikinga.

Joto limechelewa kutambuliwa kama kihatarishi, labda kwa sababu kila mtu huliona kuwa la kawaida. Katika mashamba ya miwa ya Amerika ya Kati, wakata miwa vijana wengi wamekufa kwa ugonjwa wa figo ambao watafiti wengi wanauhusisha na kazi nzito katika jua kali na upungufu wa maji mwilini. Mashamba ya miwa ya Kilombero, Mtibwa, Kagera na Moshi hutegemea kazi ya aina hiyo hiyo ya panga na jua. Maji ya kunywa yaliyofikishwa pale mkataji alipo, kivuli kinachohamishika na mapumziko yaliyopangwa, yasiyokatwa kwenye ujira, ni vifaa kinga kwa maana kamili ya neno hilo. Kwenye mkonge, miwani ya kukinga macho dhidi ya ncha ya jani ni ya lazima kama panga lenyewe. Mpunga una hatari za majini: kichocho, na nyoka wanaofuata panya kwenye majaruba. Kung'atwa na nyoka kuliingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele mwaka 2017. Gambuti huzuia sehemu kubwa ya madhara hayo. Na aliyeng'atwa hatulii kwa kuchanjwa wembe au kufungwa kamba ya kukaza, bali kwa kutotembezwa, kutulizwa mguu na kupelekwa haraka palipo na tiba.

Uchimbaji mdogo wa madini unahitaji makala yake. Itoshe kusema kwamba Machi 2008 mvua kubwa iliyofurika katika migodi ya tanzanite ya Mirerani iliua makumi ya wachimbaji waliokuwa chini, na kwamba nje ya matukio makubwa kama hilo kuna kifo cha polepole kinachosababishwa na vumbi la mwamba, ambalo hukwaruza mapafu na kufungua mlango wa kifua kikuu. Kutoboa mwamba kwa maji badala ya kuutoboa mkavu huliua vumbi hilo pale linapozaliwa. Zebaki inayochomwa wazi kutenga dhahabu hugeuka mvuke unaovutwa na kila aliye karibu, na ikichomewa kwenye jiko la nyumbani, aliye karibu ni mtoto.

Njia za kufika kijijini

Katika eneo la Can Tho, kwenye delta ya mto Mekong nchini Vietnam, wataalamu wa afya kazini walianzisha katika miaka ya 1990 utaratibu ambao baadaye ILO iliusambaza katika nchi nyingine. Wakulima hukusanyika kwa siku moja au mbili, hutembelea shamba na nyumba ya mmoja wao wakiwa na karatasi ya maswali yenye michoro, na hutakiwa kwanza kutafuta mambo mazuri ambayo mwenyeji amekwisha kuyafanya. Kisha kila mmoja huchagua badiliko moja la bei nafuu atakalolifanya kwake: rafu ya kufungia dawa isiyofikiwa na watoto, magurudumu ya kubebea mzigo, meza ya kuchambulia mazao iliyoinuliwa hadi kiunoni. Utaratibu huo hautegemei mkaguzi wala adhabu. Unategemea jirani kuona kwa jirani.

Tanzania ina miundo inayofanana na kazi hiyo. Vyama vya ushirika vya msingi vya mazao (AMCOS) huwakutanisha wakulima kila msimu, maafisa ugani huwatembelea, maafisa afya wa kata na wahudumu wa afya ngazi ya jamii huingia majumbani mwao, na halmashauri ya kijiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Katika mazao yanayolimwa kwa pembejeo za mkopo, dawa hufika kwa mkulima kwenye furushi moja na mbegu na mbolea, na gharama hukatwa kwenye mauzo. Hakuna sababu ya msingi ya furushi hilo kubeba sumu likakosa glavu, miwani na kikombe cha kupimia. Mkataba wa ILO Na. 155 wa mwaka 1981 unasema hatua za usalama zisiwe gharama kwa mfanyakazi. Mkulima wa mkataba si mfanyakazi kwa maana ya sheria, lakini kampuni inayonunua mazao yake na kumchagulia dawa ya kutumia haiwezi kujiweka mbali na jinsi dawa hiyo inavyotumika.

Ajali ikishatokea, swali linalofuata ni la fidia. Mwaka 1921 ILO ilipitisha Mkataba Na. 12 uliotaka wafanyakazi wa kilimo wafidiwe sawa na wengine wote. Hapa nchini jukumu hilo ni la Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioundwa chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, na kuanza kazi mwaka 2015. Mchango hulipwa na mwajiri peke yake, na ni kosa kuukata kwenye ujira. Kwa sekta binafsi kiwango kilianzia asilimia 1 ya mshahara na kimepunguzwa hadi asilimia 0.5 tangu mwaka wa fedha 2022/23. Kwa kibarua anayelipwa shilingi 10,000 kwa siku, huo ni mchango wa shilingi 50. Nyuma ya shilingi hizo kuna matibabu, malipo ya wakati mtu hawezi kufanya kazi, pensheni ya ulemavu wa kudumu, utengemao, na malipo kwa wategemezi iwapo amefariki. Mkulima aliyejiajiri hayumo katika mfuko huu. Tegemeo lake anapoumia ni bima ya afya, ambayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inakusudia kuifikisha kwa kila mkazi.

Madai ya fidia huhitaji uthibitisho wa mambo matatu: kwamba mtu huyo aliajiriwa, kwamba aliumia au kuugua, na kwamba chanzo ni kazi. Kibarua wa kijijini mara nyingi hukwama kwenye la kwanza na la tatu. La tatu hutegemea kile mhudumu wa zahanati alichoandika siku ya kwanza, na ndiyo maana mgonjwa anapaswa kueleza kazi yake hata asipoulizwa. La kwanza hutegemea mwajiri kuwa na daftari. Kauntabuku moja yenye tarehe, jina la kibarua, kazi aliyopewa, dawa iliyotumika siku hiyo na saini au alama ya dole gumba hutosha kwa msimu mzima wa shamba la ukubwa wa kati. Daftari hilo hilo humwonesha mkaguzi nani amefundishwa kupulizia na nani hajafundishwa, na humwonesha daktari ni sumu gani ya kuishughulikia. Pale ambapo mwajiri hana daftari, kibarua anaweza kuanza na shahidi: mwenzake aliyekuwa ngwe ya pili, na mwenyekiti wa kitongoji aliyearifiwa siku ile ile.